Mwenzangu wa Mazoezi ya Kiingereza

Shosti, nimekwisha.

Unalikumbuka lile darasa la Kiingereza la mtandaoni ulilonisukuma nijiunge? Walinipa mwenzangu wa kuandikiana naye. Hatujuani, kila mtu na jina la kubuni. Wangu anajiita Ua Jekundu.

Juzi zoezi lilikuwa kumwelezea mtu wa familia. Nikamwaga yote kuhusu mama mkwe, anavyoonja mchuzi wangu na kuongeza chumvi bila hata kuniuliza.

Ua Jekundu akanipa pole. Pole, shosti, na emoji ya kopa juu yake.

Leo nampelekea mama mkwe chai, namkuta kavaa miwani, anachapa Kiingereza kwenye simu. Juu ya skrini, jina lake la kubuni: Ua Jekundu.

Akapokea kikombe taratibu. "Mwanangu, Kiingereza chako kimeiva. Kilichobaki ni chumvi."