Jibu Nililokupa Wodini

Rehema, shoga yangu,

Nianze na lililonileta, maana ukiniona nazungukazunguka ulikuwa unanikatiza: "Sema, chai inapoa." Haya, nasema. Kampuni imekubali. Barua nimeisoma juzi kwenye basi nikitoka kazini, nikapitiliza kituo changu. Watalipia ukumbi wa darasa lako la Jumamosi hapa Hayes, London, watanunua vitabu, na kila wiki wafanyakazi wao wawili watakuja kuwafundisha vijana hesabu na namna ya kujieleza kwenye usaili wa kazi.

Sasa utaniuliza, si uliniambia walishakubali? Ndiyo. Nilikudanganya.

Siku ile wodini uliniuliza kama wamejibu. Ulikuwa umekonda hata pete umeihamishia kidole gumba, na bado unawaza darasa. Wenye ukumbi walikuwa wametupa mpaka mwisho wa muhula tu. Na ile fomu niliyoijaza kazini kwetu, ya mfuko wa kusaidia vijana, mimi mpakia trei za chakula cha abiria wa ndege nikiliombea darasa la rafiki yangu, ilikuwa haijajibiwa hata neno moja. Nikakutazama, nikasema, "Wamekubali." Ukasema, "Alhamdulillahi," ukageukia ukutani. Siku mbili baadaye ukatutoka. Tulikuzika huku huku London kama ulivyotaka. "Mkinipeleka Tanga," ulisema, "watoto wa darasa langu watakuja kunizuru vipi?"

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu niliiona mwisho wake kila Jumamosi nikifungua mlango wa ukumbi, watoto wakiingia na mabegi yao, nami najua muhula ukiisha nitakuwa nimemdanganya mtu nisiyeweza tena kumwomba radhi. Nililia sana, Rehema, na sikukulilia wewe tu. Niliandika barua pepe sijui ngapi. Ikafika hadi meneja wangu akiniona tu anaanza yeye, "Yes, Asha, I've asked them," kwamba ameshawauliza. Mwishowe wakasema watakuja kuona wenyewe.

Akaja mama mmoja, mkubwa kabisa ofisini kwao, mvi kichwani, koti la maana. Kumbe kwa heshima zake alikuwa amejifunza salamu yetu. Kaingia, kamwinamia Imani, yule wa miaka saba asiye na meno ya mbele, kamwambia, "Shikamoo." Nawe uliwafundisha watoto wale kwamba shikamoo haiachwi bila jibu. Imani akanyoosha mgongo, akakaza sauti: "Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, nikajua darasa limekwenda na maji. Mama wa watu akauliza kakosea wapi, binti yako Zuhura akamweleza, naye akacheka mpaka akatafuta kiti. Alikaa hadi tunafunga. Alimsaidia kijana mmoja kuandika barua ya kuomba nafasi ya kujifunza ufundi umeme, akaifuta na kuianza upya mara tatu, na koti alikuwa amelivua zamani.

Kwa hiyo barua ilipokuja, nilikwenda kwanza kwako, kwa Zuhura. Nikaona siwezi kumpa binti yako habari njema nikamficha aibu iliyo nyuma yake. Nikamwambia yote, mpaka lile jibu la wodini. Unamjua mwanao, anatuelewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Hakushtuka. "She knew, Auntie," akasema, kwamba ulijua. Halafu akajikaza kwa Kiswahili, polepole, ili maneno yabaki yako: "Mama alisema, 'Asha akidanganya hushika sikio. Mwache. Akishasema wamekubali, hatalala mpaka wakubali.'"

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni kwako, nikacheka nikilia. Miezi yote nimebeba dhambi, kumbe wewe ulinitwika kazi. Nimekukasirikia kidogo, sikufichi. Ungenikonyeza japo jicho moja. Lakini jana nimelala kama mtoto aliyenyonya, na asubuhi nimekunywa chai mpaka ikaisha, ikiwa bado ya moto.

Haya, shoga, nakuacha. Mola akuweke mahali pa raha, akukutanishe na waliokutangulia. Nakuahidi nikiwa hai darasa halifungwi, na kampuni hii ikichoka nitabisha hodi kwa nyingine. Zuhura nitamtazama kama wa tumbo langu. Nawe uniamini safari hii: mkono wangu mmoja umeshika kalamu, wa pili umebana karatasi.

Ni mimi,
Asha