Tulivyoshuka Mlimani kwa Jina Lako

Hezroni ndugu yangu,

Kwanza nikuombe radhi. Serikali imekuandika kwenye faili kuwa jenerali wa msituni. Wewe, uliyekuwa ukimwita mpishi aje akutolee chura bafuni. Kosa ni langu, ila nusu yake ni yako, na kwa kuwa huwezi kujitetea nitajitahidi kusema kweli.

Unakumbuka ulivyoniachia ile barua. Ulikuwa kitandani, homa ya mapafu imekubana, na badala ya kusali ulikuwa ukizungumza habari za makundi ya riadha. Kamati ya vyuo ilikuwa imeuvunja mpango wa zamani, na kila chuo kilitakiwa kipate kundi la kushindana nalo kabla muhula haujaisha. Wenzetu wa upande wa Meru walikuwa wameshahama. Wale wa upande wa Embu waliacha mashindano kwa sababu hawapati pasi za kusafiria. Katika Kundi la Mlima tukabaki sisi peke yetu, mabingwa na wa mwisho kwa wakati mmoja. Na Mkuu wa chuo alikuwa amekwisha kusema kwamba chuo kisicho na kundi hakina haja ya uwanja, kwa hiyo wetu utalimwa viazi. Uwanja ule ule ambao mimi na wewe tuliung'oa visiki likizo nzima.

Ndiyo maana ulitaka tuingie Kundi la Reli, pamoja na vyuo vikubwa vya Thika na Nakuru. Nilipokuuliza sisi na reli wapi na wapi, ukanijibu kwamba treni inapita Kiganjo, hapo jirani. Kisha ukanipa barua uliyoiandika kwa penseli, ukasema, "Wafula, wewe unapenda maneno. Hii usiongeze, usipunguze."

Siku tatu baadaye tulikuzika. Sikuwa na akili ya kuongeza wala ya kupunguza. Nilikaa ofisini nikainakili kwa wino, machozi yakadondoka mpaka nikaharibu karatasi zote zenye jina la chuo, nikamalizia kwenye karatasi tupu. Chini nikaweka jina lako, kwa sababu barua ilikuwa yako. Hebu isikilize sasa:

"Kwa Kiongozi wa Kundi la Reli. Sisi wa Kundi la Mlima tumechoka. Wenzetu wametuacha. Tumebaki vijana kumi na wanane, tumezoea baridi na mbio za msituni. Tunaomba kushuka Mlimani tuingie kwenu. Tutakuja na mikuki yetu sita. Bunduki ya kuanzia tunayo, ila ni mbovu. Tujulishe tukutane wapi. Hezroni."

Riadha iko wapi hapo, ndugu yangu? Mwalimu wa michezo miaka yote hiyo, unaandika barua ya michezo bila kutaja michezo hata mara moja.

Unajua barua za siku hizi za vita vya msituni zinavyofunguliwa njiani na serikali. Yako haikufika Thika. Iliangukia mikononi mwa ofisa mmoja kijana wa kizungu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akisambaza karatasi za kuwaita watu wa msituni wajisalimishe, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Fikiria furaha yake. Karani wa posta aliulizwa barua imetoka wapi, akasema upande wa chuo. Hakusema zaidi kwa sababu hakuulizwa zaidi.

Walikuja Jumamosi asubuhi: lori, askari, mablanketi na sufuria kubwa ya chai. Vijana walikuwa uwanjani wakirusha mikuki. Bendera za pembeni hatukuwa nazo, basi Njoroge alisimama kwenye kona ameinua tawi la majani mabichi ili wenzake waone mstari unapoishia. Na zile karatasi za ofisa zilisema kwamba anayejisalimisha ainue tawi la majani mabichi.

Askari wakalala chini na bunduki zao. Vijana nao wakalala chini. Mimi nilibaki nimesimama, si kwa ushujaa, magoti yalikataa kukunjika. Njoroge akaninong'oneza kutoka kwenye nyasi, "Mwarimu, ati tumefanya nini?" Kaka yake yuko kizuizini kwa jambo dogo kuliko kushika tawi. Leo nacheka, lakini saa ile niliwatazama vijana wako wote nikaona nimewaua kwa mwandiko wangu mzuri.

"Wapi mkubwa yenu, ile Hezroni?" ofisa akauliza. Nikamwambia amekufa. "Nani naua yeye?" Nikasema homa ya mapafu. Akavua kofia. Nadhani alisikitika kweli, maana alikuja kukupa mkono.

Hapo nikamweleza yote, kwa yale maneno yote uliyonikataza kuongeza. Hakuamini. Nikaokota mkuki nikarusha ili aone kazi yake, nawe unajua ninavyorusha. Mkuki ulikwenda hatua nne. Akaamini.

Basi shida ikawa yake. Alikuwa ameshapeleka habari kwa wakubwa kwamba kundi zima limeshuka mlimani, na ameshaandika pasi kumi na nane za safari. Aliuzunguka uwanja mara mbili, akanywa chai yake mwenyewe, kisha akaniuliza hawa watu wa Reli wanakaa wapi. Nikasema Thika. "Basi, lori nakwenda Thika," akasema. Pasi ambazo Mkuu wa chuo aliziomba mwaka mzima nilizipokea mkononi kabla chai haijapoa.

Tulikwenda tumejifunika mablanketi ya serikali. Kamati ilipoona tumeletwa na askari haikuuliza mengi. Katibu wake, aliyekuwa akilalamika kwamba chuo chetu cha Nyeri ni mbali, alituletea viti mwenyewe, na siku hiyo hiyo tukaandikwa Kundi la Reli.

Katika mashindano tulishika mkia, sitakudanganya. Lakini Njoroge alikuwa wa tatu kwenye mbio za maili moja, na alipovuka mstari akageuka kukutafuta pale ulipozoea kusimama na filimbi. Akanikuta mimi. Nikaipuliza filimbi yako, ikatoa mate badala ya sauti. Nimekukosa sana, Hezroni. Nililia mbele ya vyuo vyote vya reli, nao wakadhani nalilia nafasi ya tatu.

Mkuu alikuwa ameanza matuta mawili ya viazi karibu na goli. Ameyaacha. Vijana wanapita juu yake kila jioni, kwa makusudi kabisa.

Kuhusu faili, nilimwomba ofisa akufute. Akasema haiwezekani, limeshakwenda Nairobi na huko wamefurahi: kundi limeshuka, kiongozi amekufa, hakuna risasi iliyopigwa. Kwa hiyo utanivumilia.

Pumzika sasa. Kila mwaka tunatakiwa kuomba upya nafasi yetu katika kundi, na nakuahidi barua nitaiandika mwenyewe. Neno la kwanza litakuwa riadha, la pili riadha, na la tatu pia. Ila chini nitaendelea kuweka jina lako. Ni jina hilo lililotushusha Mlimani, na uwanja wako bado ni uwanja.

Ni mimi mwenzako wa maneno mengi,
Wafula