Wapangaji Kabla ya Makabidhiano

Jumatano usiku

Hata kuniuliza hakuniuliza. Jengo la Kariakoo halijakabidhiwa, mafundi bado wanamwaga zege ghorofa ya nne, na mwenye jengo amekwisha kuwaweka wauza vitenge kwenye fremu za chini.

Nilimsomea kifungu cha mkataba: sehemu atakayoitumia kabla ya makabidhiano, ameipokea pamoja na hatari zake. Akacheka.

"Injinia, mama yangu, Kariakoo nani anasubiri rangi ikauke?"

Alasiri ubao ulianguka kutoka juu ukapasua meza ya muuzaji mmoja. Mwenyewe alikuwa ameondoka kidogo kwenda kuswali.

Mkataba unanipa mimi, msimamizi wa ujenzi, mamlaka ya kusimamisha kazi. Nimeisimamisha. Kesho mwenye jengo atafoka, huenda akanifukuza. Afoke. Zege halitamwagwa juu ya vichwa vya watu.