Katalogi Ilisema Sifuri

Jumatatu, 3 Machi 2025
Imekubali! Programu imekubali bana! Nimehangaika kupachika maswali ya SQL ndani ya msimbo, na leo imeuliza hifadhidata yenyewe: una majedwali gani, na kila moja lina mistari mingapi? Habari hizo zote ziko kwa katalogi, pale hifadhidata hujiandikia mambo yake. Ikajibu bila shida. Majedwali kadhaa — sifuri. Matupu. Nikairuhusu iyafute. Gichuki, bosi, akanipigia makofi mbele ya ofisi yote ya Kitale. Nikajinunulia chipsi na kuku.

Jumatano, 5 Machi
Sifuna wa ofisi yetu ya Bungoma amepiga simu. Ati haoni ng'ombe wake. Nikacheka, nikamwambia ni network. Kisha nikaangalia.

Walikuwa kwa moja ya yale majedwali. Mama ya kila ng'ombe, baba, nyanya, kuanzia Tongaren mpaka Kimilili. Miaka amezunguka na pikipiki akiuliza wazee nani alizaa nani, ndio mtu asije akapandisha mtamba kwa fahali aliyemzaa.

Tulipohamia server mpya hakuna aliyeiambia hifadhidata ihesabu upya. Ile sifuri maana yake ni "sijahesabu bado". Na mimi nilijua hilo! Ningeuliza jedwali lenyewe, mstari mmoja tu wa SQL. Uvivu. Na kiburi.

Alhamisi, 6 Machi
Bakap, nakala ya akiba, haina kitu, na server ya zamani ilishafutwa. Programu ya bakap pia ni yangu, nayo huchagua majedwali kwa katalogi ileile. Yenye sifuri inayaruka. Nimelia chooni.

Sifuna akapiga tena. Network imerudi? Nikasema bado. Kwa nini nilisema bado? Fridah, tunayekaa naye meza moja, anasema nimwambie leo, kesho itakuwa mbaya zaidi. Najua. Najua!

Ijumaa, 7 Machi
Sijamwambia. Amenitangulia yeye. Kesho wakulima wanakutana kwao Kimilili kuchagua mafahali wa msimu. Kwa vile network ya kwake imegoma, ati niende na laptop yangu niwaonyeshe. Mamake amesema lazima nifike.

Nikasema sawa. Nitamwambia uso kwa uso. Simu haifai kwa jambo kama hili — au ni vile naogopa tu.

Jumamosi, 8 Machi. Kimilili
Niko chumba cha wageni. Nimedanganya kwamba nabadilisha viatu.

Nilifika na maneno yakiwa tayari mdomoni. Mamake Sifuna akanishika mkono, moja kwa moja hadi zizini. Kuna ndama jike, mweusi, paji jeupe, bado miguu inatetemeka. Wamemwita Kui. Jina langu! Mama akasema huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa pale bila kubahatisha, na ni mimi nimewawekea vitu vyao salama. Kuku ameshachinjwa. Nikasema asante. Asante! Mungu wangu.

Nikamvuta Sifuna kando. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, wale wazee wanaweza kuulizwa tena? Akacheka. Mzee Khaemba walimzika Disemba. Kukhu Nabwile, yule nyanya mzee, siku hizi hata watoto wake mwenyewe anawauliza nyinyi ni akina nani. Ndio maana nilikimbia kuandika mapema, akasema, akanigonga bega.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amesimama hapo hapo, peke yake, ananitazama. Nikauliza choo kiko wapi.

Sasa wakulima wameketi. Nawaona dirishani, wengine wametoka Saboti. Sifuna amenitandikia meza kitambaa cheupe, amevuta waya wa stima kutoka jikoni. Kiti changu kiko katikati. Mama ameketi mbele kabisa, leso mpya kichwani.

Sifuna anaita. Kui, kuja bana, waonyeshe nyanya ya Kui mdogo!

Stima iko. Laptop imejaa chaji. Network, nimeangalia, iko sawa kabisa.