Hatua Zako Kumi Kando ya Mfereji

Baba, Afande wangu,

Nimepima hatua zako. Ungekuwa hapa ningekuuliza usoni. Hupo, basi soma.

Unaikumbuka kazi yangu ya jiografia, ile ya kutafuta ni maji kiasi gani yanapita mtoni kila sekunde. Ulicheka uliposikia mto wenyewe ni mfereji wa pale chini ya Kamwokya. Ukasema kama ule ni mto, basi wewe ni kamishna. Lakini Jumamosi ile ulivaa viatu vyako vya kazi ukanisindikiza, na kopo la rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka mlango. Upana na kina nilipima mwenyewe kwa rula ya mita ya shule. Ukabaki mwendo wa maji: unapima mita kumi ukingoni, unatupa chungwa majini, unahesabu sekunde mpaka lizimalize. Nilipotaka kuzipima hizo mita kumi kwa rula, ulinizuia.

"Rula ya nini na mimi nipo? Hatua yangu ni mita moja tangu mafunzo ya depo. Hata hakimu anaikubali."

Ni kweli, miaka yote ya trafiki ulipima ajali kwa miguu, na kila hatua uliiwekea alama ili wakili asikubabaishe. Ndivyo ulivyofanya pale pia: hatua, mstari wa rangi kwenye saruji, hatua, mstari. Mimi nilikuwa mbele na simu mkononi, natazama mawingu ya upande wa Bukoto. Nikakuona umesimama, umeinamia kamba za viatu. Nikapaza sauti kwamba mvua inakuja, fanya haraka. Ukanijibu, "Polisi hakimbizwi." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Chungwa lilichukua sekunde nane. Ulinung'unika kwamba tunatupa chakula kwenye maji machafu, na lile la pili hukuniachia nilitupe, ukalimenya tukala njiani. Jumanne ukaanguka barabarani ukiongoza magari. Daktari akasema ni moyo, tena haukuanza siku hiyo. Hatukumwelewa. Moyo gani, kwa mtu aliyekunywa chai asubuhi akalalamika sukari ni kidogo? Tukakusafirisha mpaka kwetu Lira, tukakuzika, tukarudi, na bado nilikuwa nasikiliza mlango jioni.

Kisha Madam wa jiografia akanirudishia kazi yangu. Wenzangu waliopima juu yetu na chini yetu, mfereji uleule, siku ileile, walipata mita moja ya ujazo na kidogo kwa sekunde. Mimi nilikuwa na moja na nusu. Madam akauliza, kwa upole maana anajua nimefiwa, hayo maji ya ziada yameingilia wapi. Labda mita zangu kumi hazikuwa kumi. Nilimkasirikia, Baba. Nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba hatua ya baba yangu ni mita moja, hata hakimu anaikubali. Akanipa tepu ya kupimia, akasema nikapime tena nimletee Ijumaa.

Nilikwenda kukutetea. Sikuwa na sababu nyingine.

Mistari yako bado ipo, kumi na mmoja, mvua haijaifuta. Nikavuta tepu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho: mita saba na sentimita sitini. Nikarudia, nikidhani tepu imejikunja. Saba na sitini. Basi nikapima mstari kwa mstari. Hatua ya kwanza, sentimita tisini na nane, nikapumua, nikasema huyo ndiye Baba. Ya tano, themanini. Ya saba, sitini na nane, na hapo kuna doa kubwa la rangi, pale brashi iliponing'inia ikidondosha nawe umeinama. Ya mwisho, hamsini. Mtu mrefu kama wewe, nusu mita. Banange, jamani, Baba.

Niliketi kwenye saruji. Hukuwa unafunga viatu. Ulikuwa unatafuta pumzi, na mimi nakuharakisha.

Na wewe ulijua! Mtu anayejua hatua yake kwa sentimita hawezi kukosa kujua inapungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, hayo ulikuwa ukimwambia Mama kila akikataa kwenda kliniki. Nimekukasirikia vibaya. Halafu nakumbuka jinsi ulivyoinuka, ukapaka mistari iliyobaki, ukaja kunipa kopo ukitabasamu, na hasira inaniishia.

Usiku kucha nilitaka kudanganya. Ningesema nilikosea kina, na hatua yako ingebaki mita moja, hakuna ambaye angejua. Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kumpunguzia dereva hata sentimita, hata dereva alipokuwa mjomba wetu. Nikapiga hesabu upya: mita za ujazo moja nukta moja nne. Palipoandikwa tutaje chanzo cha kosa, niliandika hivi: "Mpimaji alikuwa mgonjwa, na msaidizi wake hakumtazama." Madam alisoma, akaweka alama ya vema, akaacha kiganja chake juu ya daftari kwa muda.

Mama sijamwambia. Jana tumetoka naye sokoni Bukoto, nikajifanya kiatu kinanibana ili nibaki nyuma, nikawa nahesabu hatua zake kutoka nguzo hadi nguzo. Nguzo tatu za kwanza, hatua arobaini arobaini. Ya nne, arobaini na saba. Akasimama, akasema anapanga mboga kwenye kikapu.

Pumzika, Afande. Kesho asubuhi nampeleka hospitali, apende asipende, na akiniambia nisimharakishe sitacheka.

Mwanao,
Akello