Plastiki ya Muhogo Mbele ya Mama

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, Beltsville yote, huku Marekani, imelowa. Nimelia kidogo leo, ila moyo umetulia.

Mama, aliyekuja kunitembelea, anarudi nyumbani Muheza Jumamosi. Wiki iliyopita, kwenye shughuli ya Watanzania wenzetu kule Laurel, mama mmoja alimuuliza Mama mimi binti yake nafanya kazi gani. Mama akaniangalia, akajibu, "Yuko maabara." Akaishia hapo. Nikadakia haraka, nikageuza mazungumzo.

Naungama: miaka yote hii sikuwahi kumweleza. Nilijiambia hataelewa.

Ile aibu usoni mwake niliisababisha mimi.

Leo nimetoka kazini mapema. Nilimwomba msimamizi wangu vipande vitatu vya majaribio, vile tunavyotupa, nikamwekea Mama mezani. Nikamwambia hii ni plastiki ya wanga wa muhogo, inaoza ardhini. Cha kwanza ni wanga na glisirini ya kulainisha tu. Cha pili kina udongo kidogo, laini mno, chembe zake hazionekani kwa macho. Cha tatu kina udongo mwingi.

Mama alivipapasa kama anayechagua kitambaa. Akavidondoshea maji. Cha kwanza kikalegea upesi, kikawa kama utando wa uji. Cha pili kikavumilia. Akakivuta, hakikukatika kirahisi. Cha tatu akakikunja, kikavunjika.

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa udongo umefanya mabonge," akasema.

Mabonge hayo yalinichukua wiki kadhaa kuyaelewa. Udongo ukisambaa vizuri, maji hupata taabu kupenya. Ukizidi, hujikusanya, na ufa huanzia hapo.

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama. Kutafuta kiasi."

"Na mimi kila nikipiga simu unaniambia umechoka tu."

Hakuwa na hasira. Alinishika mkono.

Kisha akampigia mdogo wake, Mama Mdogo Rehema, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza chakula cha usiku kule nyumbani. Nikamsikia nikiwa jikoni: "Mwanangu anatengeneza plastiki ya muhogo. Anatia udongo, lakini kwa kiasi, maji yasipenye. Mwakani mifuko yake utaiona hapo sokoni."

La mwakani si kweli. Bado tuko mbali sana.

Sikumsahihisha. Nilisimama pale nikiosha vikombe vilivyokwisha takata, ili aendelee kuongea.

Zimebaki siku mbili. Ni mangapi mengine nimemficha kwa kudhani hataelewa?