Kaka, Ile Pikipiki ya Gerezani

Kaka yangu mpendwa,

Siku ile kule Gerezani, mtaa wa wauza pikipiki zilizotumika, injini ilikuwa ya moto. Niliigusa, ikaniunguza vidole viwili, nami nikanyamaza. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu wa shule, hata kwenye sala zangu nimekuwa nikilizungukazunguka jambo hili bila kulitaja. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na hata sijui kama utaisoma barua hii.

Naiandika wazi kwa sababu sina anwani yako. Simu yako haipatikani tangu mvua za mwaka jana. Mara ya mwisho ulipiga kwa simu ya mtu huko machimboni, ukamwambia Mama, "Nipo, natafuta," kisha ikakatika. Labda karatasi hii itakufikia siku moja ikiwa imefungiwa karanga. Ndiyo maana sijaandika jina lako wala langu.

Unakumbuka ulivyohangaika na pikipiki mbili? Moja ilikuwa mpya, ile nyekundu dukani kwa Mangi, Mtaa wa Sikukuu, magurudumu yake bado yana vile vinywele vya mpira. Nyingine ilikuwa iliyotumika, kule Gerezani, imepakwa rangi ya bluu juu ya rangi nyingine. Kila ukirudi kutoka kijiweni kwa bodaboda ulikaa kibarazani ukaanza. "Ile ya Mangi ningoje miezi sita. Hii naanza kesho." Mama alikuwa akichambua mchele, akakujibu bila kuinua kichwa, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Ukacheka. "Na mwenye kungoja, Mama, anaendesha pikipiki ya mtu mpaka anazeeka."

Kijiweni walikuita Fundi Sikio. Mtu alikuwa akipita tu barabarani, wewe umekaa na kikombe cha kahawa, unasema, "Huyo plagi yake imechoka." Wanamkimbilia, wanafungua, kweli plagi imechoka. Mimi nilijivuna kwa jina lako kuliko kwa jina langu mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema pikipiki mbovu ikilala usiku kucha, asubuhi haiwaki. Basi muuzaji mjanja anaiamkia mapema, anaipiga kiki mpaka anatoka jasho, anaizungusha mtaa mmoja, anairudisha kivulini na kuifuta vumbi. Wewe mnunuzi ukifika, inawaka kwa kiki moja. "Kwa hiyo," ukaniambia, "isalimie injini kabla hujamsalimia mwenyewe." Nikakuuliza, je, kama mwenyewe ni mtu mzima? Ukasema, "Shikamoo itangoja. Injini ikishapoa haingoji."

Na wewe ndiye uliyenitanguliza. Gerezani walikufahamu, wangekuona kwa mbali wangekuzuia kwa maneno. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimevaa sare, nimebeba begi la shule. Uliniambia, "Wewe huna kelele. Mtu asiye na kelele haonekani. Pita kama unakatiza njia, gusa, simama pembeni. Ikiwa ya moto, vua begi ulishike mkononi. Ikiwa ya baridi, usifanye chochote, simama tu."

Usifanye chochote. Mara ngapi nimelala na maneno hayo.

Nilipita. Nikagusa. Nikauvuta mkono kwa maumivu, nikaupeleka mdomoni kama mtoto mdogo. Yule mzee muuzaji alikuwa ananitazama wakati wote, pamoja na wanaume wengine wanne waliokaa kwenye matairi. Akasema, "Ee, binti, imekuuma? Njoo uipande basi ikuzoee." Wakacheka wote. Mwingine akaongeza, "Mwanafunzi anatafuta usafiri wa kwenda kwa mchumba." Kaka, wewe wanijua. Mimi nilikuwa nikiitwa jina darasani nasahau jibu ninalolijua. Miguu yangu iliganda pale. Nikawa natazama viatu vyangu. Begi lilikuwa begani, na mikono yangu ilikuwa kama si yangu.

Wewe uliniona kutoka ng'ambo ya barabara, nimesimama, sifanyi chochote.

Ukaja unatabasamu.

Hapo ningeweza kusema. Ulikuwa hujatoa hata shilingi. Ulipiga kiki moja ikawaka, ukainamisha kichwa kuisikiliza, na nikajiambia moyoni, sikio lake litajua tu, hanihitaji mimi. Lakini injini iliyokwisha kupashwa ilikuimbia vizuri, nawe ulishaniamini. Ulikuwa unasikiliza kwa masikio yangu.

Jioni yake uliipaki koridoni, ukaifunika na khanga ya Mama. Ukaniuliza polepole, "Mdogo wangu, ilikuwa ya baridi kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Vidole nilivificha kwenye mkunjo wa sketi. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Kule Gerezani nilishindwa kusema, lakini koridoni nilidanganya. Ulikuwa na furaha, nikaona haya kuiharibu.

Asubuhi uliipiga kiki mpaka wapangaji wote wakatoka na miswaki mdomoni. Ulihesabu kwa sauti, ukicheka, mpaka ishirini, kisha ukaacha kuhesabu na kuacha kucheka. Siku zilizofuata uliisukuma hadi mteremko wa mtaa wa pili ndipo iwake. Ulifungua kabureta, ukabadilisha ringi, ukabadilisha plagi ambayo haikuwa na kosa. Abiria alikuwa akikaa nyuma, inazimika kwenye mataa, anashuka anapanda nyingine. Na pale kijiweni, ukifika unaisukuma, wanakupigia kelele, "Fundi Sikio! Leo limeziba?" Baadaye wakakubadilishia jina, wakakuita Fundi Mtumba. Mwanzoni uliwajibu. "Sikilizeni za kwenu, wakubwa." Baadaye hukuwajibu. Ukaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, ukamwachia Mama ulichopata, ukaondoka alfajiri na begi langu la shule la zamani kwa sababu lako lilikuwa limechanika zipu.

Hukunilaumu hata siku moja. Sijui kama ulijua. Mara nyingine nadhani ulijua, ndiyo maana ulichukua lile begi ambalo sikulivua.

Sasa nikueleze ya hapa. Nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na nafanya kazi na Mama. Bado anapika palepale nyuma ya maduka ya vitenge, wali, maharage, samaki siku za Ijumaa. Mimi ndiye ninayepeleka sahani juu ya maghorofa. Kuna jengo moja la ghorofa sita, lifti yake haijawahi kunipandisha hata siku moja. Wenye maduka wananiita Bubu, kwa upendo tu. "Bubu, pilipili imesahaulika." Nashuka, napanda. Jioni nyayo zangu zinawaka moto, nikilala bado nahisi ngazi. Mama naye kiuno kimekataa. Watu wa ofisi za Posta wanataka chakula, kila siku wanapiga simu, lakini mguu haufiki Posta wali ukiwa bado wa moto. Ndipo Mama akasema tunahitaji pikipiki.

Kwa hiyo mzozo wako umerudi nyumbani, Kaka, vilevile. Mjomba anataka iliyotumika. "Hata mpya, ukitoka nayo dukani imeshakuwa kuukuu." Mama anaitazama ile ya Mangi kila akipita, toleo jipya zaidi ya lile lililokuwepo wakati wako, lina kibebeo kipana nyuma. Anaitazama, anapita. Tukienda na iliyotumika tungeanza wiki hii. Mpya ingetumaliza, tungekuwa hatuna akiba hata ya mtu kuumwa jino.

Jumamosi tulikwenda Gerezani, Mama, Mjomba na mimi. Si yule mzee wako. Huyu ni mwanamume mnene, mwenye maneno matamu. Alituona kwa mbali akaanza, "Karibuni, karibuni! Mama, hii ilikuwa ya mwalimu wa madrasa, ilikuwa inatoka Ijumaa kwa Ijumaa!" Mjomba akacheka, moyo wake umekwisha kulainika. Wakaanza kusalimiana, habari za nyumbani, habari za kazi.

Mimi nikapita katikati yao nikaweka mkono kwenye injini.

Sikusalimia. Nilihisi macho ya Mama mgongoni. Yule mwanamume akasema, "Binti, kwenu hamsalimii wakubwa?" Watu wawili waliokuwa wanakunywa chai wakageuka. Kaka, ilikuwa siku ileile. Miguu yangu ilikuwa tayari kuganda, nikaviona viatu vyangu tena. Mkono niliuacha palepale juu ya injini, kwa makusudi, mpaka ikaniuma.

Nikasema, "Shikamoo. Mama, ni ya moto."

"Ni jua tu hilo, mtoto," Mjomba akasema.

"Ipo kivulini, Mjomba."

Yule mwanamume akajidai kucheka. "Nimetoka nayo kwenda kununua chai."

Mama akamtazama. Kisha akawatazama wale wawili na vikombe vyao, na muuza chai mwenyewe, aliyekaa hatua tatu kutoka pale. "Hiyo chai mbali sana," akasema. "Tutakuja kesho, kabla hujafungua. Tutaikuta imelala."

"Kesho haipo, Mama. Kuna mtu wa Tandika anaitaka leoleo."

"Mpe huyo wa Tandika."

Tuliondoka. Nilikuwa na furaha kidogo, nisikufiche. Mpaka tulipofika Msimbazi tunangoja kuvuka, Mama akaniuliza, "Hayo ya kugusa injini umefundishwa na nani?"

Nikataja jina lako.

Magari yalipita mengi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Kumbe alijua. Alijua, na bado akauziwa mkweche. Basi hata hakujishughulisha kuigusa."

Na mimi, niliyesema mbele ya wanaume wote wale, nikanyamaza tena mbele ya mama yangu mwenyewe. Nilimshika mkono tukavuka.

Usiku Mama akasema ameamua. Tutanunua ile mpya, hata kama itatumaliza, lakini dereva atakuwa mtoto wa Mjomba. Mjomba alikuulizia wewe, kwa sababu ni mjomba. Mama akasema, "Huyo akirudi salama namshukuru Mungu, nitampikia. Ila chombo changu sitampa. Kuchagua hajui, na asiyejua kuchagua hajui kutunza." Hakusema kwa hasira. Alisema akiwa anapaka kiuno mafuta, amechoka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ndiyo maana liliniumiza.

Akaniambia nami, "Kesho pita kwa Mangi uitazame. Ijumaa baada ya kazi tunakwenda kulipa. Ukiniambia ndiyo, ni ndiyo. Wewe mkono wako unajua."

Nilikwenda. Mangi anakukumbuka, aliniuliza kama umepata dhahabu ya kutosha kufunga meno. Nikasimama mbele ya pikipiki muda mrefu mpaka akasema, "Binti, unaitazama au unaiombea dua?" Nikaigusa injini. Baridi kabisa, kama sufuria iliyolala nje. Nikalia mle dukani, mbele ya wateja, na Mangi maskini akadhani nimesikitishwa na bei, akaanza kupunguza.

Sasa ni Jumatano, na Ijumaa iko mlangoni. Nimechoka, Kaka. Si ngazi peke yake. Nimechoka kuwa mtu asiyeonekana kwa sababu hana kelele. Nimechoka kusikia jina lako likitajwa kwa kosa langu. Mpya au iliyotumika, naona haitusaidii kitu kama inanunuliwa juu ya uongo wangu. Atapanda mwingine, nawe utabaki Fundi Mtumba mpaka lini, na mimi nikipanda nyuma na sufuria za wali nitashika wapi?

Kwa hiyo nitamwambia. Ijumaa, akishamaliza kuosha masufuria, kabla hajavaa baibui kwenda kulipa. Nimejifunza maneno yenyewe, ni machache. Nitamwonyesha pia vidole. Kovu limebaki kwenye kimoja tu, dogo, ukitaka kuliona lazima uinamishe mkono kwenye mwanga. Halafu achague yeye, akijua. Kama atakasirika, akasirike na mimi, nipo hapa, ananifikia.

Wewe rudi tu. Siwezi kukuahidi pikipiki, hiyo si yangu kuahidi. Nakuahidi kwamba ukirudi hutakuta jina lile nyumbani kwetu.

Ila nakuomba jambo moja, wewe na yeyote mwingine ambaye karatasi hii itamwangukia mkononi, hata kama ni muuza karanga. Ukipata simu kabla ya hapo na kumpigia Mama, mwulize kiuno, mwulize samaki wa Ijumaa. La injini usimwambie. Acha anisikie mimi.

Mdogo wako,
niliyesimama bila kufanya chochote